Andrew Taylor Still: Tabibu aliyetafuta siri ya uzima katika mkondo wa damu

MAPEMA mwaka wa 1864, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, homa ya uti wa mgongo ilibisha hodi nyumbani kwa tabibu mmoja. Kwa muda mfupi iliwaua watoto watatu: wawili wa kuwazaa mwenyewe na mmoja aliyekuwa akimlea. Kabla ya machozi kukauka, kitoto kichanga cha familia hiyo nacho kikafa kwa kichomi.

Matabibu waliaminiwa, dawa zikatolewa, maombi yakafanywa. Hakuna kilichofaa.

Baba wa watoto hao alikuwa Andrew Taylor Still, ambaye baadaye aliasisi ostiopathi, tiba ya kutumia mikono kurekebisha mifupa, misuli na viungo ili damu ipite bila kizuizi. Msiba huo ndio uliomfanya aitilie shaka elimu yote ya utabibu aliyokuwa ameirithi.

Still alizaliwa Agosti 6, 1828, katika kaunti ya Lee, jimbo la Virginia. Ilikuwa imetimia miaka 200 kamili tangu Mwingereza William Harvey achapishe kitabu kilichothibitisha kwamba moyo husukuma damu, nayo ikazunguka mwilini na kurejea moyoni. Bila shaka ilikuwa sadfa tu, lakini mzunguko huo wa damu ndio uliokuja kutawala fikira za Still maisha yake yote.

Babake, Abram Still, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na tabibu kwa pamoja. Kanisa lilimhamisha mara kwa mara, kwanza hadi Tennessee, kisha Missouri. Alipinga utumwa waziwazi, na msimamo huo ulimletea uhasama mkubwa Missouri. Mapema katika miaka ya 1850 alipelekwa katika misheni ya Wakarusa, Kansas, miongoni mwa Wahindi Wekundu wa kabila la Shawnee.

Kijana Andrew alijifunza utabibu kwa kumsaidia babake, jinsi ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Alisimulia katika tawasifu yake kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, aliumwa sana na kichwa. Alifunga kamba kati ya miti miwili, akaishusha hadi karibu na ardhi, akatandika blanketi juu yake na kuilaza shingo hapo. Akapitiwa na usingizi, na alipoamka maumivu yalikuwa yametoweka. Miaka mingi baadaye alilieleza tukio hilo kuwa somo lake la kwanza: aliamini kwamba kamba ile ilikuwa imetuliza neva na kuiacha damu ipite inavyotakikana.

Kulikuwa pia na upande wa giza katika kujifunza kwake. Ili aielewe mifupa ya binadamu, alifukua maiti za Wahindi Wekundu makaburini na kuzichunguza. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo bila kuona haya. Msomaji wa leo hawezi kuyapita bila kukumbuka kwamba wafu hao walikuwa na jamaa zao, na kwamba hakuna aliyeombwa idhini.

Mwaka wa 1857 alichaguliwa kuwa mbunge wa Kansas, ambayo haikuwa imepata hadhi ya jimbo, akiwa upande wa waliopinga utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, alijiunga na jeshi la Kaskazini, akahudumu katika hospitali ya kijeshi na baadaye kuwa afisa wa wanamgambo. Mnamo Oktoba 1864, miezi michache baada ya kuwazika wanawe, alishiriki katika vita vya Westport, karibu na Kansas City.

Ni muhimu kukumbuka hali ya tiba katika enzi hiyo. Dawa za kutegemewa zilikuwa zebaki, kasumba na pombe, huku wagonjwa wengine wakiumikwa au kukatwa mishipa ili watokwe na damu. Wengi waliopona maradhi waliachwa na meno yaliyong'oka kwa zebaki au uraibu wa kasumba. Kwa hivyo, Still aliposhuku dawa hakuwa mkaidi tu, maana nyingi kati ya hizo zilikuwa sumu kwelikweli.

Baada ya miaka kadhaa ya kutafakari na kuchunguza maiti, alitangaza kwamba Juni 22, 1874 ndiyo siku wazo lake lilipomjia kwa ukamilifu. Aliona kwamba mwili ni mashine iliyoundwa vyema na Mwenyezi Mungu, na kwamba una dawa zake wenyewe ndani ya damu. Moyo ndio mtambo unaoisukuma damu hiyo. Endapo ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, itabanwa na mfupa ulioteguka au msuli uliokakamaa, basi sehemu inayonyimwa damu itaugua. Kazi ya tabibu, kwa mujibu wake, ni kukitafuta kizuizi na kukiondoa.

Mwaka huo huo, katika mji wa Macon, Missouri, alimhudumia mtoto wa kiume wa miaka minne hivi aliyekuwa akiendesha damu. Alipomgusa, mgongo ulikuwa moto ilhali tumbo lilikuwa baridi. Alifikiri kwamba damu ilikuwa imejaa mahali pamoja na kupungua pengine, akamkanda uti wa mgongo, na mtoto akapona. Still alilihesabu tukio hilo kuwa ushahidi mkubwa. Hata hivyo, wengi wa wanaougua kuhara damu hupona wenyewe, na kupona kwa mtoto mmoja hakuwezi kuthibitisha tiba.

Mapokezi yake yalikuwa machungu. Chuo Kikuu cha Baker, ambacho yeye na nduguze walikuwa wamechangia ardhi yake, kilimnyima nafasi ya kueleza mawazo yake. Makanisa yalimtuhumu kwamba anajifananisha na Yesu kwa kuponya kwa mikono. Mwaka wa 1875 alihamia mji mdogo wa Kirksville, Missouri, akawa akizunguka vijijini kama muunga mifupa, mara nyingi mfuko ukiwa mtupu.

Subira yake ilizaa matunda polepole. Sifa zake zilipoenea, wagonjwa walianza kufika Kirksville kwa garimoshi kutoka majimbo ya mbali, na mji ukajaa mikahawa na nyumba za wageni. Mnamo 1892, akiwa na umri wa miaka 64, alifungua Shule ya Marekani ya Ostiopathi. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi wapatao 20, wanawake wakiwemo, jambo ambalo vyuo vingi vya utabibu vilikataa wakati huo. Somo la anatomia lilifundishwa na William Smith, daktari Mskoti aliyesomea Edinburgh.

Serikali ya Missouri iliiruhusu shule hiyo kutoa shahada ya kawaida ya udaktari, lakini Still alichagua shahada tofauti ya ostiopathi. Vermont ikawa jimbo la kwanza kuitambua taaluma hiyo kisheria mwaka wa 1896, na Missouri ikafuata mwaka wa 1897. Mmoja wa wanafunzi wake, John Martin Littlejohn, aliipeleka Uingereza na kuanzisha shule jijini London mwaka wa 1917.

Je, alisema kweli kuhusu moyo na damu? Jibu lina pande mbili. Ni kweli kwamba neva zinazoharakisha mapigo ya moyo hutokea katika pingili za juu za mgongo, nyuma ya kifua. Ni kweli pia kwamba kila tunapovuta pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka na kusaidia damu ya vena kurejea moyoni. Hii ndiyo sababu wanaofuata nyayo zake huchunguza mbavu, mgongo na kiwambo wanapomshughulikia mtu mwenye matatizo ya mzunguko wa damu.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba maradhi yote yanatokana na mfupa kubana mshipa ni safari ndefu, na Still aliikata bila daraja. Utafiti umeonyesha kwamba tiba ya mikono inaweza kuwapa nafuu kiasi watu wanaoumwa na kiuno. Haujathibitisha kwamba inaponya maradhi ya moyo, wala kwamba inaweza kuchukua nafasi ya dawa za shinikizo la damu. Mgonjwa anayeacha vidonge vyake kwa kutumaini kukandwa anajihatarisha.

Still alifariki mjini Kirksville mnamo Desemba 12, 1917, akiwa na umri wa miaka 89. Warithi wake nchini Marekani waliyakubali yale aliyoyakataa. Leo wahitimu wa vyuo vya ostiopathi nchini humo, ambao ni zaidi ya laki moja, ni madaktari kamili wanaopasua, kuchanja na kuandika dawa sawa na wenzao. Katika nchi nyingi nyingine, taaluma hiyo imebaki kuwa ya mikono pekee. Shule yake ingalipo Kirksville, na chuo kikuu kinachoiendesha kinaitwa kwa jina lake.

Miaka 11 baada ya kifo chake, mwaka wa 1928, penisilini iligunduliwa. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria sasa hutibiwa kwa viuavijasumu, na kuna chanjo za kukinga aina zake kadhaa. Kilichokosekana kitandani pa wanawe mwaka wa 1864 kilikuwa dawa iliyo sahihi, nayo wakati huo haikuwepo popote duniani. Baba huyo alifanya vyema kuzikataa sumu za zama zake, ila alikosea alipodhani kwamba mikono yake ingetosha kwa kila maradhi. Wahenga walinena kwamba kila mlango na ufunguo wake.