Hore-Belisha, waziri aliyewapunguzia Waingereza mwendo

Ndugu zetu walioko London wanazipita kila siku bila ya kuzitazama: zile nguzo za mistari myeusi na myeupe, kila moja na taa ya mviringo ya rangi ya chungwa kileleni, zinazosimama pande mbili za kivuko cha zebra. Wenyeji wanaziita taa za Belisha. Wengi wao hawajui kuwa hilo ni jina la mtu.

Leslie Hore-Belisha alizaliwa London tarehe 7 Septemba 1893 katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Bwana Belisha, alifariki mtoto akiwa hajatimiza hata mwaka. Jina la Hore alilipata baadaye, mama yake alipoolewa tena na mtumishi mkubwa wa serikali. Alisoma Oxford, akapigana Vita Vikuu vya Kwanza na kufikia cheo cha meja, na mwaka 1923 akaingia Bungeni kuwakilisha Devonport, mji wa manowari ulioko Plymouth.

Juni 1934 alipewa Wizara ya Uchukuzi, wizara ambayo wanasiasa wenye tamaa ya kupanda hawakuwa wakiigombania. Lakini barabara za Uingereza wakati ule zilikuwa machinjio. Katika mwaka huo mmoja watu 7,343 waliuawa na zaidi ya 231,000 wakajeruhiwa, na magari yote nchini hayakufika milioni 3. Ili msomaji apate kipimo, mwaka 2023 Uingereza ilikuwa na magari zaidi ya milioni 40, na waliokufa barabarani ni 1,624. Karibu nusu ya waliokufa mwaka ule wa 1934 walikuwa wakienda kwa miguu.

Chanzo kimoja kilikuwa sheria yenyewe. Tangu 1903 gari lilikuwa haliruhusiwi kupita maili 20 kwa saa. Madereva wakaidharau sheria hiyo mpaka Bunge likachoka nayo, na kwa sheria ya mwaka 1930 likaondoa kabisa kikomo cha mwendo kwa magari madogo. Mwenye gari akawa anakwenda atakavyo, hata katikati ya mitaa ya watu. Waziri mwenyewe aliyaona hayo: siku chache baada ya kuteuliwa, alipokuwa akivuka barabara huko Camden, kidogo agongwe na gari lililokuwa likipita kwa kasi.

Sheria ya mwaka 1934 ilirudisha kikomo, safari hii maili 30 kwa saa mijini, yaani karibu kilomita 48, kuanzia Machi 1935. Wakubwa wenye magari walikasirika. Mbunge mmoja, Moore-Brabazon, ambaye ndiye Muingereza wa kwanza kupata leseni ya urubani, alihoji kwa nini watu wapige kelele kwa ajili ya vifo 7,000 ilhali wanaojiua wenyewe kwa mwaka ni zaidi ya 6,000 na hakuna anayejali. Ndivyo mjadala ulivyokuwa. Aliyekufa kwa miguu hakuwa na wa kumsemea.

Swali lililobaki ni hili: dereva atajuaje kuwa ameingia mjini? Sheria ilitumia nguzo za taa. Palipo na taa za barabarani zisizoachana zaidi ya yadi 200, kama mita 183, basi hapo ni mjini na mwisho ni 30. Kibao cha 30 kikawekwa mpakani tu. Na pale ambapo taa zipo lakini kikomo hakitakiwi, kiliwekwa kibao cheupe chenye mstari mweusi wa kukata upande. Hivyo dereva hakuhitaji kuisoma sheria. Barabara yenyewe ilimweleza. Na trafiki naye akawa na kitu cha kumuonyesha aliyebisha.

Mtihani wa udereva ukawa wa lazima tarehe 1 Juni 1935, pamoja na kile kibao cha herufi L ambacho tunakijua hata kwetu. Vivuko navyo vikawekewa taa zake za chungwa. Za mwanzo zilikuwa za kioo, na watoto wa mitaani wakazifanya shabaha ya mawe mpaka ikabidi kioo kiachwe. Mistari ya zebra ilikuja baadaye, mwaka 1951. Magazeti yalimcheka kuwa anapenda kutangaza jina lake, na kusema kweli alipenda. Lakini vifo vilishuka hadi 6,502 mwaka 1935.

Tanzania nayo, kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na hata ugomvi wa dereva na trafiki mwenye tochi kuhusu kibao kilichong'olewa ni ule ule wa kujua mji unaanzia wapi. Kule Wales, Septemba 2023 walipoteremsha 30 kuwa 20, zaidi ya watu 460,000 walitia saini kupinga.

Mwaka 1937 Hore-Belisha alipandishwa kuwa Waziri wa Vita. Aliboresha maisha ya askari wa kawaida, akagombana na majenerali, na kutokana na Uyahudi wake minong'ono haikukosekana. Januari 1940 Chamberlain alimuondoa. Alifikiriwa kupewa Wizara ya Habari, lakini ikapingwa kwa kuwa ni Myahudi. Akapewa ya Biashara, akaikataa. Wakati huo miji ilikuwa gizani kwa kuogopa ndege za Wajerumani, na mwaka 1941 barabara ziliua watu 9,169, idadi ambayo Uingereza haijapata kuifikia tena.

Mwaka 1945 alishindwa Devonport na kijana wa Labour, Michael Foot. Alipewa ulodi mwaka 1954. Tarehe 16 Februari 1957 alifariki ghafla mjini Reims, Ufaransa, akiwa amewaongoza wabunge wenzake kwenye ziara. Hakuacha mtoto, na cheo chake cha ulodi kikaishia hapo.