Lumumba na mulango wa radio

Kila mutu anajua kama Patrice Lumumba aliuawa Katanga. Lakini watu kidogo tu ndio wanaelezaka namna mulango mumoja wa radio, wenye kulindwa na askari wa inchi ingine, ulimusukuma mu barabara ya Kisangani.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925, kule Onalua, mu Sankuru. Mu miaka ya vita alifanya kazi Kalima, ku Symétain, kompani ya kuchimba kasiterite. Maisha ya kambi ya kompani aliyajua mbele ya kuingia siasa. Kisha akafika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akawa karani wa posta. Hapa ndipo watu walianza kumusikiliza. Mwisho wa mwezi wa kumi 1959, kisha mukutano wa chama chake MNC, damu ilimwangika mu muji. Wakamukamata, wakamufunga mpaka gereza ya Jadotville, ndiyo Likasi. Walimutoa mwezi wa kwanza 1960 juu aende ku mazungumuzo ya Bruxelles.

Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita, alikuwa waziri wa kwanza. Siku tano tu zikapita, askari wa Force Publique wakaasi. Kisha Katanga ikajitenga. Yeye na Rais Kasa-Vubu wakaita ONU. Kati ya askari waliokuja, wengine walitoka Ghana, inchi ya rafiki yake Kwame Nkrumah.

Tarehe 5 mwezi wa tisa, magaribi, Kasa-Vubu alitangaza ku radio ya Léopoldville kama amemufukuza Lumumba. Lumumba naye akakimbia ku radio ile ile, akasema mara tatu usiku ule. Inchi ni kubwa, gazeti haikufika mu vijiji, na wengi hawakujua kusoma. Mwenye radio ndiye aliyesikiwa. Kesho yake ONU ikafunga radio na viwanja vya ndege, ikisema ni juu ya amani. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na Radio Brazzaville, ngambo ya mto. Lumumba hakubakia na kitu.

Tarehe 11 akaenda mwenyewe ku mulango. Askari wa Ghana wakamurudisha. Walikuwa askari wa rafiki yake, lakini amri walipata kwa ONU. Radio ilipofunguliwa tena, tarehe 14 ni Colonel Mobutu aliyetangaza kama wanasiasa wote wamewekwa pembeni.

Lumumba akafungiwa mu nyumba yake. Tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, usiku wa mvua kali, akatoroka kwenda Kisangani, kwenye watu wake walikuwa wangali na nguvu. Mu njia watu walimusimamisha, naye akashuka kuwaeleza mambo, sababu hakukuwa namna ingine ya kuwafikia. Saa zikapotea. Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili wakamushika Lodi, ku mto Sankuru.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 ndege ilimuleta Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule ule wakauawa. Karibu mwezi muzima kisha, serkali ya Katanga ikatangaza kama wanakijiji ndio waliwaua. Ilikuwa uongo.

Alikuwa na miaka 35. Kisangani hakufika.