Maisha ya Mwenye Heri Benedetta Bianchi Porro (1936–1964)

Katika furaha ya jubilei tusiwasahau wale wasioweza kufika kanisani kwa sababu ya ugonjwa. Kwa ajili yao tunaeleza maisha ya binti mmoja wa Italia.

Benedetta alizaliwa Dovadola, tarehe 8 mwezi wa nane 1936. Angali mtoto mchanga alishikwa na polio, mguu mmoja ukabaki mfupi. Lakini akili yake ilikuwa kali. Mwaka 1953 aliingia chuo kikuu cha Milano, akashika masomo ya uganga ili aponye watu.

Masikio yakaanza kuziba. Katika mtihani mmoja hakusikia maulizo, na mwalimu kwa hasira akakitupa kijitabu chake. Mwaka 1957, kwa elimu aliyoipata, yeye mwenyewe alitambua ugonjwa wake: vivimbe vilikuwa vikiota juu ya mishipa ya fahamu, kichwani na mgongoni. Vivimbe vya kichwani, hata visipotokana na kansa iliyoenea mwilini, huukandamiza ubongo na kuweza kuua macho.

Mwaka uleule alipasuliwa kichwa, na upande mmoja wa uso ukapooza. Mwaka 1959 alipasuliwa mgongo, miguu ikafa. Ilimbidi kuacha masomo, naye alikuwa amekaribia kuyamaliza. Mwezi wa pili 1963 alipasuliwa kichwa tena, akaamka kipofu.

Vilibaki vitu viwili: sauti dhaifu, na mkono mmoja uliosikia kuguswa. Mama yake alimchorea alama za herufi mkononi na usoni, naye akajibu kwa sauti. Kwa njia hiyo rafiki walimletea taabu zao, na barua zake ziliandikwa. Kijana mmoja mgonjwa alipolia hali yake katika gazeti la Epoca, Benedetta alimjibu kumtia moyo. Mara mbili alikwenda Lourdes, 1962 na 1963. Macho hayakurudishwa, lakini alikipokea kitanda chake kuwa wito wake.

Alifariki Sirmione tarehe 23 mwezi wa kwanza 1964, mwenye miaka 27. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2019, huko Forlì, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Hakupata shahada ya uganga, lakini wengi walitoka kwake wamepona moyo. Basi twende kwa wagonjwa wetu, tuwashike mkono. Pengine ndio mlango pekee uliobaki wazi.

Mwenye Heri Benedetta, utuombee.