Emlen Tunnell: Mchezaji ambaye jina lake halikusomwa

Wasikilizaji wetu waliowahi kuishi Nakivale wanaifahamu barabara itokayo makazini kuelekea Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi, na wanayafahamu malori ya matoke yanayoshuka kutoka vilima vya Isingiro. Asiye na nauli humwomba dereva, na dereva akiwa na huruma humpa nafasi kando ya mikungu. Mwaka 1948 kijana mmoja wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, alisafiri kwenda New York kwa namna hiyohiyo. Aliomba lifti barabarani, na gari lililomchukua, kama inavyosimuliwa hadi leo, lilikuwa lori la ndizi lililoendeshwa na mtu mwenye asili ya visiwa vya Karibi.

Kijana huyo aliitwa Emlen Tunnell. Aliposhushwa mjini aliuliza njia mpaka akafika katika ofisi za New York Giants, klabu ya futiboli ya Kimarekani. Hakuwa na miadi wala barua ya mwaliko. Mbele ya Tim Mara, mwenye klabu, aliomba jambo moja tu, nalo ni kupewa nafasi ya kujaribiwa. Mara alivutiwa na ujasiri wa mgeni huyo. Tunnell akasajiliwa, akawa mchezaji wa kwanza Mweusi katika historia ya klabu hiyo.

Ili kuelewa uzito wa safari ile, ni lazima kwanza kueleza orodha ambayo jina lake halikuwamo. Kila mwaka klabu za ligi kuu ya Marekani, NFL, hugawana wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Klabu huchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikitangulia, na majina husomwa moja baada ya jingine. Wamarekani huuita utaratibu huo kwa neno ambalo masikioni mwetu ni drafti, ule mchezo wa vizibo vya soda unaochezwa vibarazani. Hapa tutauita uteuzi. Ulianza mwaka 1936, majina 90 yakiwa yameandikwa ubaoni, na ajabu ni kwamba mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo.

Siku hizi uteuzi una raundi 7, na vijana wapatao 250 huchaguliwa. Aliyeachwa huwa huru kujiunga na klabu yoyote itakayomtaka, na simu huanza kulia dakika chache tu baada ya jina la mwisho kusomwa. Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, klabu hutangaza majina ya wachezaji wapya wa aina hiyo, pengine 10, pengine 20 kwa mpigo. Tangazo hilo lisiwadanganye wasomaji. Kambi ya mazoezi hufunguliwa Julai ikiwa na wachezaji hadi 90, na kabla ya msimu kuanza Septemba klabu hubaki na 53. Wengi wanaorudishwa nyumbani ni hao walioingia bila kuteuliwa, kwa kuwa klabu haikuwekeza kwao fedha nyingi wala heshima ya kuwachagua mbele ya watu.

Wengi wa wasomaji wetu walikaa Nakivale miaka mingi wakisubiri majina yao yatokee kwenye orodha fulani, iwe ya mgao wa chakula, ya nafasi za masomo, au ya safari ya kuhamia nchi ya tatu. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na tangu hapo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wamejifunza huko maana ya kutazama karatasi ubaoni na kutojiona. Hawahitaji kuelezwa mengi kuhusu hali ya Tunnell mwaka 1948. Kuna tofauti moja tu ya kutaja. Orodha iliyomwacha haikuwa imempima na kumwona hafai. Katika uteuzi wa mwaka huo yalisomwa mamia ya majina, na hakuna hata moja lililokuwa la mchezaji Mweusi. Wa kwanza, George Taliaferro, aliteuliwa mwaka uliofuata, 1949.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tangu mwaka 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji Mweusi aliyecheza katika ligi hiyo. Haikuwapo sheria iliyoandikwa. Wenye klabu walielewana kimyakimya. Kimya hicho kilivunjika mwaka 1946 pale klabu ya Rams ilipohamia Los Angeles na kutaka kutumia uwanja wa umma. Waandishi wa habari Weusi walihoji kwa nini uwanja uliojengwa kwa kodi ya watu wote utumiwe na klabu inayowabagua baadhi yao. Rams ikawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Washington alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo mwaka 1939, lakini alipofunguliwa mlango magoti yake yalikuwa yameharibika na miaka yake bora imekwisha kupita. Tunnell alikuja miaka miwili baadaye, na bahati yake kubwa ilikuwa umri.

Alizaliwa Machi 29, 1924, akakulia Garrett Hill, kitongoji kilicho nje ya jiji la Philadelphia. Mama yake, Catherine, aliwalea watoto wanne kwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Mwaka 1942 Emlen alijiunga na Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio, na katika msimu wake wa kwanza akavunjika shingo uwanjani. Wengi wangekoma hapo, na pengine ingekuwa busara kukoma. Yeye alipona, na kabla ya mwaka wa masomo kwisha alikuwa akichezea timu ya mpira wa kikapu ya chuo hichohicho, iliyofika fainali ya mashindano ya kitaifa mjini New York.

Vita Kuu ya Pili vilikuwa vikiendelea. Jeshi la nchi kavu na la majini yote mawili yalimkataa kwa sababu ya shingo ile. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kikamkubali mwaka 1943, lakini kama walivyopangiwa mabaharia wengi Weusi wa wakati huo, kazi aliyopewa ilikuwa ya kuhudumu mezani na jikoni. Aprili 1944, meli yake ya mizigo, Etamin, ilipigwa na ndege ya Kijapani katika pwani ya New Guinea. Baharia mwenzake alishikwa na moto. Tunnell aliuzima moto huo kwa mikono yake mitupu, akaungua, kisha akambeba mwenzake hadi mahali pa usalama. Mwaka 1946, karibu na kisiwa cha Newfoundland, baharia mwingine alianguka katika maji yaliyokaribia kuganda. Tunnell akajitosa baharini na kumtoa.

Matendo hayo mawili hayakumpatia nishani yoyote alipokuwa hai. Ukisoma wasifu wake uliochapishwa enzi za uchezaji wake utaona sifa za miguu yake zimejaa kurasa, lakini habari za bahari ni chache. Huenda hakupenda kuzisimulia. Au huenda waandishi hawakumwuliza mtu aliyekuwa mhudumu wa meza kama aliwahi kuokoa maisha.

Baada ya vita alisoma katika Chuo Kikuu cha Iowa na kucheza huko misimu ya 1946 na 1947. Kisha ikaja safari ya lori la ndizi.

Kwa msomaji aliyezoea soka, ile ya viwanja vya Nakivale na ya uwanja wa Kakyeka pale Mbarara, kazi ya Tunnell inahitaji maelezo kidogo. Katika futiboli ya Kimarekani timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Tunnell alikuwa mlinzi wa nyuma kabisa, mtu wa mwisho kabla ya mstari wa bao. Kazi yake ilikuwa kusoma macho ya mrushaji wa timu pinzani, kukisia mpira utatua wapi, na kufika hapo kabla ya aliyekusudiwa. Kunasa pasi ya adui mara mbili au tatu kwa msimu ni kazi nzuri. Katika msimu wake wa kwanza alinasa 7, na katika wa pili 10.

Zaidi ya hayo, alipokwisha kuunyakua mpira hakulala nao chini. Alikimbia. Kocha wake, Steve Owen, aliunda mfumo wa ulinzi uliopewa jina la mwavuli, kwa jinsi walinzi wa nyuma walivyotandazwa, na Tunnell alikuwa nguzo yake. Mwaka 1952 alipata yadi 923 kwa kurudisha mipira iliyopigwa na wapinzani na kwa kukimbia na pasi alizonasa. Idadi hiyo ilizidi yadi za mkimbiaji aliyeongoza ligi nzima mwaka huo, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kukimbia na mpira. Kabla yake, mashabiki walimtazama mlinzi kama mtu wa kuzuia tu. Kwa Tunnell waliona kwamba ulinzi nao unaweza kushambulia.

Aliichezea Giants misimu 11, akatwaa nayo ubingwa mwaka 1956 walipoishinda Chicago Bears 47 kwa 7. Mwisho wake hapo ulikuwa fainali ya 1958 dhidi ya Baltimore Colts, iliyokwenda hadi muda wa nyongeza na kumalizika kwa Giants kufungwa 23 kwa 17.

Mwaka 1959 alihamia Green Bay Packers, klabu ya mji mdogo wa Wisconsin ambako Weusi walikuwa wachache mno. Kocha mpya, Vince Lombardi, alimjua tangu alipokuwa msaidizi wa kocha pale Giants, akamtaka si kwa ajili ya kasi, ambayo ilikuwa imepungua, bali kwa ajili ya maarifa yake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapa ndipo sehemu nzuri kuliko zote ya maisha yake, ingawa takwimu zake za miaka hiyo ni ndogo.

Mwaka 1960 alifika kambini Green Bay kijana aliyeitwa Willie Wood. Chuoni alikuwa mrushaji wa mpira, nafasi ambayo klabu za wakati huo hazikutaka kumpa mtu Mweusi. Uteuzi ulikuja ukapita bila jina lake kusomwa. Wood akaketi akaandika barua kwa klabu mbalimbali kuomba kujaribiwa, na Packers ikamwita. Alitaka kucheza nafasi ya ulinzi wa nyuma, yaani nafasi ileile ya Tunnell. Mkongwe angeweza kumwacha mgeni ahangaike mwenyewe, maana kila alichokijua kilikuwa kinga ya ajira yake. Badala yake alimfundisha jinsi ya kusimama na jinsi ya kusubiri, na namna ya kuyasoma macho ya mrushaji. Wood alirithi nafasi hiyo. Mwaka 1962 aliongoza ligi kwa pasi 9 alizonasa, na mwaka 1989 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri.

Tunnell alistaafu baada ya ubingwa wa 1961, ambao Packers waliutwaa kwa kuwachapa Giants, klabu yake ya zamani, 37 kwa 0. Aliacha rekodi ya pasi 79 alizonasa, na 74 kati ya hizo, alizozipata akiwa Giants, bado ni rekodi ya klabu hiyo. Mwaka 1967 akawa Mweusi wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri ulioko Canton, Ohio, na pia mtu wa kwanza kuingia humo kwa kazi ya ulinzi peke yake.

Giants walimrudisha, kwanza kama mtafuta vipaji, kisha kama kocha msaidizi, wakati ambapo makocha Weusi katika ligi walihesabika kwa vidole. Mtu ambaye hakuna mtafuta vipaji aliyemwandika daftarini sasa alisafiri huku na huko, yeye mwenyewe akiwa na daftari.

Tangu enzi zake mlango umepanuka kiasi cha kufika Afrika Mashariki. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa zamani wa Uganda na jaji mkuu aliyeuawa mwaka 1972 chini ya Idi Amin, aliteuliwa na Giants mwaka 2006, akiwa wa mwisho katika raundi ya kwanza. Mkenya Daniel Adongo hakusubiri jina lake lisomwe. Alitoka katika raga moja kwa moja, akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, na Desemba ya mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL.

Emlen Tunnell alifariki kwa mshtuko wa moyo Julai 1975, akiwa katika kambi ya mazoezi ya Giants huko Pleasantville, jimbo la New York. Ulikuwa msimu wa wageni, wiki zile ambazo vijana wasioteuliwa hukimbia juani wakitumaini kubaki. Mwaka 2011 Walinzi wa Pwani walimtunuku nishani ya fedha ya kuokoa maisha, miaka 65 baada ya siku ile ya maji baridi. Mwaka 2021 waliipa meli mpya ya doria jina lake, na kituo chake ni Bahrain, katika Ghuba.