Frank Whittle: Fundi aliyekosa ada ya pauni tano, leo dunia inaruka kwa injini yake

MBALE, Uganda

LORI la mahindi likipungua nguvu kwenye barabara ya Mbale kwenda Malaba, swali la kwanza la fundi wa gereji huwa ni moja: tabo inafanya kazi? Katika Divisheni ya Viwanda ya jiji hili, ambako malori hupakia na kushusha usiku na mchana, hakuna dereva asiyeijua tabo. Ikifa, mlima haupandiki, dizeli inaisha na faida ya safari inapotelea njiani.

Wasiojua ni wengi kwamba kifaa hicho ni ndugu wa damu wa injini inayorusha ndege kutoka Entebbe. Tabo ina magurudumu mawili yenye mapanga madogo, yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi wa egzosi unazungusha gurudumu la kwanza, ambalo ndilo turbini. Gurudumu la pili, ambalo ni kompresa, linazunguka pamoja nalo na kusukuma hewa nyingi ndani ya injini.

Sasa ondoa pistoni zote za lori. Kati ya kompresa na turbini weka chumba cha kuchomea mafuta. Hewa inaingia, inabanwa, inachomwa, kisha inatoka nyuma kwa kasi kubwa baada ya kuzungusha turbini. Hiyo ndiyo injini ya jeti. Miongoni mwa waliofikia wazo hilo mapema kuliko wengine ni Mwingereza mmoja mfupi wa kimo, Frank Whittle.

Mtoto wa gereji

Whittle alizaliwa Juni 1, 1907 mjini Coventry, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi mitambo, na baadaye alinunua karakana ndogo ya kutengeneza valvu na ringi za pistoni katika mji wa Leamington. Kijana alijifunzia kazi humo, mikono ikiwa na grisi. Mtoto aliyekulia kwenye ringi za pistoni ndiye aliyekuja kuiondoa pistoni kwenye ndege kubwa.

Alipoomba kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza alikataliwa kwa sababu ya ufupi. Hakukata tamaa. Alifanya mazoezi ya mwili, akarudi tena, na mwaka 1923 akapokelewa kama mwanafunzi wa ufundi. Miaka mitatu baadaye aliteuliwa kusomea uafisa na urubani katika chuo cha Cranwell, nafasi iliyowaangukia wachache sana wa tabaka lake.

Mwaka 1928, akiwa na miaka 21, aliandika tasnifu kuhusu mustakabali wa ndege. Hoja yake ilikuwa kwamba ndege zikitaka kwenda mbali na kwa kasi, lazima zipande juu sana ambako hewa ni nyepesi. Tatizo ni kwamba huko juu injini ya pistoni inakosa pumzi, na rafadha, yaani yale mapanga ya mbele, inapoteza nguvu. Mwaka uliofuata alipata jibu: turbini iendeshwe kwa gesi ya moto, na gesi hiyohiyo iisukume ndege.

Turbini si kitu kigeni kwa watu wa mashariki mwa Uganda. Pale Jinja, maji ya Mto Nile yamezungusha turbini za bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, tangu mwaka 1954. Kilichokuwa kigumu kwa Whittle ni moto. Turbini yake ilipaswa kuzunguka maelfu ya mara kwa dakika ndani ya joto la kulainisha chuma, na wataalamu wa Wizara ya Anga hawakuamini kwamba jambo hilo lingewezekana. Walimrudisha mikono mitupu.

Pauni tano

Januari 1930 Whittle aliomba hataza, yaani hati ya kisheria inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasitumie kazi yake bila ruhusa. Serikali haikuona sababu ya kuifanya siri, hivyo ikachapishwa na yeyote akaweza kuisoma.

Ilipofika Januari 1935, hataza hiyo ilitakiwa kulipiwa ada ya kuihuisha, pauni tano tu. Whittle alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, na mshahara wa afisa wa chini haukutosha. Wizara nayo ilikataa kumlipia. Siku ya mwisho ikapita na haki yake ikaanguka.

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hali hiyo. Stakabadhi moja ikikosekana Busia au Lwakhakha, mzigo mzima unakwama.

Mwaka huohuo marafiki wawili waliowahi kutumikia jeshi walimtafuta, wakamsaidia kupata wenye mitaji, na mwaka 1936 kampuni ya Power Jets ikaanzishwa. Aprili 12, 1937, katika mji wa Rugby, injini yake iliwaka kwa mara ya kwanza. Mafuta yaliyokuwa yametuama ndani yake yalishika moto, injini ikaongeza kasi bila kudhibitika na waliokuwepo wakatimua mbio. Whittle alibaki kwenye vidhibiti mpaka ikatulia.

Huko Ujerumani, mhandisi kijana Hans von Ohain alikuwa akitengeneza injini yake mwenyewe, akiwa na kampuni kubwa ya ndege nyuma yake. Ndege ya Ohain iliruka Agosti 27, 1939. Ya Whittle iliruka Mei 15, 1941 pale Cranwell, kwa dakika 17. Aliyetangulia kuomba hataza alichelewa kuruka.

Mwaka 1944 serikali iliitaifisha Power Jets. Miaka ya kazi, mivutano na hofu ilikuwa imemmaliza nguvu, akalazwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1948 aliondoka jeshini, akatunukiwa cheo cha Sir na zawadi ya pauni 100,000.

Jeti yatua Entebbe

Baada ya jeshi alikuwa mshauri wa shirika la ndege la BOAC kuhusu ndege za jeti. Mei 2, 1952 shirika hilo lilianzisha safari ya kwanza duniani ya jeti ya abiria wanaolipa nauli. Ndege hiyo, Comet, ilitoka London kwenda Johannesburg, na miongoni mwa vituo vyake njiani ulikuwemo uwanja wa Entebbe. Comet hiyo ilikuwa na injini nne za Ghost, zenye kompresa ya aina aliyoipenda Whittle: gurudumu moja linalorusha hewa pembeni, kama la tabo ya lori.

Baadaye shirika letu wenyewe, East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na nchi za kanda hii, lilirusha aina tatu za injini hizi.

Ya kwanza ni tabojeti. Ilikuwa kwenye Comet 4 zilizofika mwaka 1960. Hewa yote inapita kwenye moto na kutoka nyuma. Ina kasi, lakini ina kelele na inakunywa mafuta mengi.

Ya pili ni tabopropu, iliyokuwa kwenye Fokker Friendship kuanzia mwaka 1962. Hapa sehemu kubwa ya nguvu ya gesi inanaswa na turbini na kupelekwa kupitia giaboksi kuzungusha rafadha. Haina kasi ya jeti, ila inatumia mafuta kidogo kwenye safari fupi na haihitaji uwanja mrefu. Ndiyo sababu ndege za ATR na Dash 8 zinazotua Kisumu, Mwanza na kwingineko bado zina mapanga mbele.

Ya tatu ni tabofeni, iliyokuja na Super VC10 mwaka 1966. Mbele kuna feni. Sehemu ya hewa inaingia motoni, nyingine inapita pembeni bila kuchomwa na kusaidia kusukuma. Katika injini za leo, hewa ya pembeni ndiyo nyingi kuliko ya motoni, hivyo mafuta yanapungua na kelele pia. Whittle aliomba hataza ya wazo hili mwaka 1936. Ndege za Uganda Airlines, CRJ900 za safari za kanda na Airbus A330-800 za safari ndefu, zote ni za tabofeni.

Iko na ya nne, taboshafti, ambayo turbini yake huzungusha shafti ya kuendesha panga la helikopta. Kiini cha zote nne ni kilekile, na zote huchoma mafuta yaliyo ndugu wa karibu wa mafuta ya taa.

Urithi

Whittle alihamia Marekani mwaka 1976. Yeye na Ohain walikuwa wameshakutana, wakawa marafiki, na mwaka 1991 walipewa kwa pamoja Tuzo ya Draper, mojawapo ya tuzo kubwa za uhandisi. Alifariki Agosti 1996 huko Columbia, Maryland, akiwa na miaka 89.

East African Airways haikudumu hivyo. Ilianguka mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya kwanza, nchi wanachama ziliposhindwa kuelewana. Kilichosalia ni pamoja na chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, kama kilomita 100 kutoka Mbale, kilichoanzishwa na Jumuiya mwaka 1971 na ambacho bado kinafundisha marubani na mafundi wa ndege.

Kwa fundi wa Mbale au Jinja aliyebuni mashine ya kukoboa kahawa au kukausha mahindi, ada ya Whittle bado ni somo. Hataza hulipiwa kila mwaka, na ya nchi moja haivuki mpaka yenyewe. Uganda husajiliwa URSB, Kenya ni KIPI na Tanzania Bara ni BRELA. Shirika la ARIPO lililoko Harare hupokea ombi moja kwa nchi kadhaa wanachama, zikiwemo Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Ukishasajili, andika tarehe ya ada ukutani, mahali unapoiona kila asubuhi unapofungua karakana.