Rashidi Mfaume Kawawa: Kutoka Filamu hadi Agizo la Lugha

Katika historia ya Kiswahili, jina la Rashidi Mfaume Kawawa (1926–2009) hufungamanishwa na agizo moja. Hata hivyo, mizizi ya agizo hilo yafaa itafutwe mapema zaidi katika maisha yake.

Alizaliwa Matepwende, Songea, akasoma Tabora, kisha akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika kazi za ustawi wa jamii. Humo ndimo alimoigiza filamu za Kiswahili, ikiwamo Muhogo Mchungu (1952). Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kuwahudumia Wakikuyu waliowekwa kizuizini. Katika kazi zote mbili, ilimpasa aeleweke kwa watu wasiokuwa na lugha moja ya mama.

Stadi hiyo aliihamishia upande wa pili. Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu.

Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Ofisi zikabadili lugha. Shule za sekondari na vyuo vikuu vikabaki na Kiingereza. Hapo ndipo ukomo wa mafanikio yake unapoonekana.