John William Colenso

John William Colenso (St Austell, Cornwall, Uingereza, 24 Januari 1814 – Natal, 20 Juni 1883) alikuwa mwanahisabati, mwanateolojia na askofu wa kwanza wa Kanisa Anglikana huko Natal, ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini. Anajulikana hasa kwa kukataa fundisho la adhabu ya milele, kwa kuhakiki vitabu vya kwanza vya Biblia na kwa kuwatetea Wazulu mbele ya serikali ya kikoloni. Wazulu walimwita *Sobantu*, yaani baba wa watu.

== Maisha ya awali ==
Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge na mwaka 1836 alishika nafasi ya pili kati ya wahitimu wa somo hilo. Vitabu vyake vya aljebra na hesabu vilitumika sana katika shule za Uingereza. Mwaka 1846 alimwoa Sarah Frances Bunyon, akawa kasisi wa parokia katika Norfolk. Alivutiwa na mawazo ya mwanateolojia F. D. Maurice, ambaye mwaka 1853 aliondolewa uprofesa katika King's College, London, kwa sababu ya maandishi yake kuhusu adhabu ya milele. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo Colenso aliwekwa wakfu kuwa askofu.

== Kazi huko Natal ==
Alihamia Natal na familia yake mwaka 1855, akaanzisha kituo cha misheni cha Ekukhanyeni karibu na Pietermaritzburg. Alijifunza Kizulu, akatunga sarufi na kamusi, akatafsiri Agano Jipya akisaidiwa na Wazulu, hasa William Ngidi. Mmoja wa wasaidizi wake, Charles Mackenzie, baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa misheni ya UMCA, ambayo mwaka 1864 ilihamia Zanzibar.

Tofauti na wamisionari wengi, Colenso alikubali kuwabatiza wanaume wenye wake wengi bila kuwalazimisha kuwaacha, kwa kuwa waliodhulumiwa kwa kuachana huko ni wanawake na watoto.

== Mafundisho kuhusu wokovu ==
Mwaka 1861 alitoa ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi. Humo alipinga wahubiri waliowaambia Waafrika kwamba mababu zao wote, ambao hawakupata kusikia Injili, wanateseka motoni bila mwisho. Aliona kwamba fundisho hilo linapingana na haki na upendo wa Mungu. Kwake, Kristo alikuwa amewakomboa watu wote, na kazi ya mmisionari ni kuwajulisha habari hiyo. Hakukana kwamba dhambi huadhibiwa, lakini alitumaini kwamba adhabu baada ya kifo hulenga kumrekebisha mkosaji.

Wapinzani wake walijibu kwamba mafundisho hayo yanapingana na Maandiko na imani ya Kanisa, ambayo askofu ameapa kuilinda.

== Kesi na mgawanyiko ==
Maswali ya Ngidi kuhusu ukweli wa habari za gharika yalimsukuma Colenso kuchunguza upya vitabu vitano vya kwanza vya Biblia. Matokeo aliyachapisha kuanzia mwaka 1862, na yalizua ghasia kubwa zaidi. Mwaka 1863 alishtakiwa kwa uzushi mbele ya Robert Gray, askofu wa Cape Town. Adhabu ya milele ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoshtakiwa. Gray alitangaza kumvua uaskofu, lakini mwaka 1865 mahakama ya rufaa ya Baraza la Malkia huko London iliamua kwamba hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo. Mwaka 1866 Gray alimtenga na Kanisa, na mwaka 1869 askofu mwingine aliwekwa wakfu kwa ajili ya Natal. Mabishano hayo yalichangia kuitishwa kwa Mkutano wa Lambeth wa kwanza mwaka 1867.

== Miaka ya mwisho ==
Colenso alimtetea chifu Langalibalele, aliyehukumiwa mwaka 1874 katika kesi ambayo aliiona si ya haki, na hivyo akapoteza marafiki wengi kati ya walowezi. Mwaka 1879 alilaani vita vya Uingereza dhidi ya Wazulu, kisha akamtetea mfalme Cetshwayo. Alizikwa katika kanisa kuu la Mt. Petro, Pietermaritzburg. Binti yake Harriette aliendelea kuwatetea Wazulu baada ya kifo chake.